Barakoa ya Chandarua

Nilimfungia shangazi yangu mlango usoni, mchana kweupe, majirani wakitazama, na anayengoja nione haya atangoja sana. Alikuwa na beseni la samaki kichwani, jasho likimtiririka, pua na mdomo wazi. Nyuma yangu, kwenye kiti cha mianzi, baba yangu alikuwa anajifunza upya kupumua. Kati ya heshima ya shangazi na pumzi ya baba nilichagua pumzi, nikasukuma komeo.

Baba ni mtu wa maporomoko. Tangu ujana wake alisimama juu ya magogo yaliyofungwa kwa kamba za msituni, pale mto unaponguruma bila kupumzika, akishusha mitego mikubwa ya fito na kuipandisha. Kifua kikuu kilimkuta mvi zimeshaingia. Alimeza dawa zote, akapona, na muuguzi akatuambia wazi kwamba ugonjwa umetoka lakini mapafu yamebaki na makovu. Mimi nililelewa na mama huko Isangi, maana wazazi wangu waliachana nikiwa bado natambaa. Kwa hiyo kumtunza baba ilikuwa kazi ya dada yake mkubwa, shangazi huyo huyo, anayejulikana kando yote ya mto kwa samaki wake wa moshi na kwa ulimi wake.

Msimu mmoja wa mvua shangazi akapata mafua. Yalikuwa mafua ya kawaida, ya kupenga kamasi kwenye kitenge na kuendelea na kazi. Akaendelea kumwinamia baba akimlisha uji, akamkoholea usoni, akamfuta jasho kwa kitenge kile kile. Yeye alipona upesi. Baba nilimkuta hospitalini na mpira wa oksijeni puani, mbavu zikipanda na kushuka, anatafuta hewa kama mtu aliyekatazwa. Siku ya kutoka, daktari alinivuta kando akaniambia kwamba mafua mengine kama yale baba hatayaweza. Sikuhitaji kuambiwa tena. Nilimchukua baba siku hiyo hiyo nikamleta kwangu, huku mtaa wa Tshopo, na shangazi alipouliza nani amenipa ruhusa nilimjibu kwamba ni kikohozi chake.

Mimi ni mshonaji. Vipande vya vitambaa vinajaa chini ya cherehani yangu mpaka miguu inakosa pa kukaa. Nikavishona barakoa nzito zenye kukaa vizuri puani, nikazichemsha, nikazianika, nikazitundika kwenye msumari karibu na mlango. Sheria ilikuwa fupi: huvai, huingii. Mimi mwenyewe natoka sokoni kila siku, naongea na wateja, napanda toleka nyuma ya vijana wanaopiga chafya wakiendesha baiskeli, kwa hiyo mimi nilivaa hata ndani ya nyumba yangu. Nilimpikia baba nimevaa, nikamwosha miguu nimevaa, nikamsalimia asubuhi nimevaa.

Watu walinichukia vizuri sana. Wakati wa Corona wote walivaa, kwa kuwaogopa polisi, na polisi walipochoka na wao wakachoka. Sasa kumwona mtu amefunika pua ni kama kumwona amevaa koti la mvua kwenye jua. Jirani wa kushoto alinicheka kila nilipopita. Mama mmoja wa kikundi cha maombi alikuja kumwombea baba, akachukua barakoa kwa vidole viwili, akaivaa kidevuni, akafungua kinywa kuanza. Nilimwambia Mungu anasikia hata mtu akisali uani. Hakurudi tena, na baba hakupungukiwa kitu.

Lakini hao walikuwa wageni tu, hasira zao niliziweza. Tatizo lilikuwa shangazi, na tatizo la shangazi lilikuwa neno. Huku kwetu barakoa tunaiita cache-nez, neno la Kifaransa, maana yake kificha pua. Sasa chukua neno hilo umpelekee mwanamke ambaye maisha yake yote ameishi katika moshi wa samaki. Alipokuwa msichana, anabeba beseni kwenda kuuza mjini, mabibi waliovaa vizuri walifunga pua kwa leso akipita. Watoto wa shule walimkimbia wakishika pua. Harufu ile haitoki kwa sabuni, naijua, hata mikononi mwa baba bado ipo. Shangazi aliweza kusamehe tusi lolote, lakini mtu akijigusa pua mbele yake alikuwa amemtangazia vita.

Na mimi, siku ile ya kwanza, nilimfungulia mlango pua yangu ikiwa imefungwa.

“Weye mutoto,” akasema, beseni bado kichwani, “unanifungia pua? Mimi nanuka?”

“Tantine, haiko mambo ya harufu. Iko ya mafua. Vaa hii, uingie, papa iko anakungoja.”

“Nivae cache-nez ku nyumba ya ndugu yangu? Nilimubeba ku mugongo, huyu. Wakati ile mafua ilikuwa wapi?”

“Sijue. Lakini mwaka ile mungine ilikuwa ku pua yako.”

Majirani waliguna. Yeye alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili zangu. Akapaza sauti, na watu wa maporomoko wakipaza sauti mtaa mzima unapata sehemu yake. Akasema Corona iliisha, kwamba hata Wazungu wamevua zao, kwamba mama yangu ndiye alinifundisha dharau huko Isangi. Aliponitaja mama ndipo nilipoufunga ule mlango.

Wiki zilizofuata alinishughulikia kwa bidii. Sokoni nilikuta habari zangu zimefika kabla yangu. Nilikuwa nimemficha mzee. Nilikuwa nimemfunga kinywa ili asiseme nani amemroga. Mwanamke asiye na mume, anayefunika uso ndani ya nyumba yake mwenyewe, anaficha nini? Neno ndoki, yaani mchawi, halikutamkwa mbele yangu, lakini nililiona machoni mwa watu niliokuwa nawashonea nguo za Pasaka. Mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kikiwa bado hakijakatwa, akasema amebadili mawazo. Nilimrudishia, nikamwombea mshonaji mwingine mbaya.

Hayo ningeyamezea kama baba angekuwa upande wangu. Lakini baba alikuwa ameanza kuniponyoka, na hilo ndilo lililonitisha. Alipumua vizuri, alikula, mashavu yalirudi. Ila hakuongea. Nikimuuliza amelalaje, alitabasamu kidogo akatazama ukuta. Nikimuuliza kama anataka chai, aliniambia, “Jana.” Siku nyingine nilimuuliza kama anasikia baridi, akasema, “Alishakufa, yule.” Nilipandisha sauti, akageuza uso. Nilidhani ule wakati aliokosa hewa hospitalini uliharibu kichwa chake. Nilikuwa nashona huku nalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana nilikuwa nimempokonya shangazi mtu mwenye akili zake, na sasa mkononi nimebaki na kiti chenye mzee asiye na habari.

Shangazi akarudi. Nilisikia sauti yake tangu barabarani, nikaenda mlangoni na barakoa mbili, moja usoni na moja mkononi, tayari kwa lolote. Sikuwa tayari kwa nilichokiona. Alikuwa amevaa. Alikuwa amekata kipande cha chandarua, kile cha kuzuia mbu, akakishona pembeni kwa uzi wa kufungia nyavu, akakifunga nyuma ya kichwa. Pua yake yote nilikuwa naiona. Mdomo wake niliuona mpaka pengo la meno.

“Bon,” akasema, “nimevaa. Toka ku mulango.”

Nilicheka kwanza, kicheko kibaya. Kisha damu ikanipanda.

“Tantine, unanichezea? Hii inazuia mbu, haizuii mafua!”

“Ulisema cache-nez. Haukusema ya kitambaa gani.”

“Unataka kumuua!”

“Mimi?” Akakaribia, nikarudi nyuma. “Weye njo unamuua! Umemufungia batu bote mudomo. Hii mudomo yangu, unaiona?”

“Naiona, na pengo yote.”

“Alors na yeye ataiona. Ndugu yangu hasikie! Masikio yake ilibakia ku makelele ya mayi, ku maporomoko, tangu zamani. Anasikia na macho, anaangalia mudomo ya mutu. Haukujua? Unamulalisha ku nyumba yako na haujue?”

Nilimwambia ni mwongo. Nilimwambia baba alikuwa ananijibu vizuri siku zote nilipokwenda kumsalimia maporomoko. Akanijibu kwamba siku zile nilikuwa na mdomo. Nilimfungia mlango mara ya pili, kwa kishindo kikubwa kuliko mara ya kwanza, na nikabaki nimesimama pale nikimsikia anashuka barabarani anamweleza kila mtu ubaya wangu.

Baba alikuwa amekaa palepale, hajageuka. Mlango ulitikisa ukuta na yeye hakugeuka.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka hadi dirishani. Dirisha lile lina nondo, na kiti chake kinalielekea. Nilisimama nje, hewani, nikashusha barakoa chini ya kidevu. Nikamwuliza bila kutoa sauti hata kidogo, nikisogeza midomo tu, kama atakula lituma, ndizi zetu za kupondwa.

“Na pondu,” akasema baba, maana hawezi kula bila majani ya muhogo. “Lakini uweke pilipili. Pondu yako iko sawa ya hospitali.”

Ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyokuwa ameniambia tangu nimlete. Nilishika nondo. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtikisa.

“Papa, sababu gani haukuniambia?”

“Nini?”

“Kama masikio ilikufa!”

“Kwetu ku mayi hakuna mutu anasikia,” akasema. “Bote tunaangalia. Sikujua kama iko ugonjwa.”

Sasa nieleweke vizuri. Shangazi alikuwa na haki kuhusu masikio, na haki hiyo nilimwachia, aende nayo. Kuhusu mafua alikuwa hana hata chembe. Chandarua kilichouonyesha mdomo wake kingepitisha na kikohozi chake, na pafu la baba halijali nani alimbeba mgongoni. Barakoa zangu zilibaki kwenye msumari. Kilichobadilika ni kwamba nikitaka kuongea na baba nilizunguka hadi dirishani, nikasimama nje kama anayeuza mkaa, nikashusha kitambaa. Majirani walipata kitu kipya cha kucheka. Baba alipata mtu wa kugombana naye kuhusu pilipili, na alinenepa.

Nikamtumia shangazi neno kwa kijana wa toleka: aje dirishani, hapo haruhusiwi kuvaa hata chandarua. Jibu lilirudi na kijana yule yule, naye alilitamka akitazama pembeni. Shangazi alisema yeye hasimami kwenye dirisha la ndugu yake kama mwizi. Ningojee mpaka nijue yeye ni nani.

Ikaja mvua tena, na pamoja na mvua mafua. Yalishika maporomoko yote, nyumba kwa nyumba, na yakapanda huku kwetu. Jirani wa kushoto, yule mchekaji, alikohoa mpaka nilimsikia kupitia ukuta. Nilichemsha barakoa kila siku. Nilifunga hata lile dirisha jirani alipopita. Usingizi wangu ulikuwa wa vipande vipande, sikio langu likisikiliza pumzi za baba ng'ambo ya pazia.

Katika siku hizo, asubuhi yenye jua kati ya mvua mbili, shangazi aliingia uani, mimi nikiwa karibu na mlango wa nyuma. Hakubisha hodi. Hakuja mlangoni. Alipita pembeni hadi kwenye jiko la nje, mbali kabisa, akapindua kinu changu akakikalia, mgongo kwa ukuta, uso kwa nyumba. Beseni akaliweka juu ya ukuta mdogo. Kisha akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha ndani, kilichomkunja mpaka mabega. Alikipokea kwenye kitenge, akajifuta, akakaa wima. Macho yalikuwa mekundu. Niliona na yeye akaona kwamba nimeona.

Nilishika panga la kuni, sijui kwa nini, labda kwa kuwa lilikuwa karibu. “Usisogee,” nikamwambia.

“Nani amesogea?” akasema. “Fungua mulango, akuwe anaona.”

“Yuko mbali, hataona mudomo yako.”

“Nimekuambia mudomo? Fungua.”

Nikafungua mlango wa nyuma. Baba alikuwa kwenye kiti chake kivulini, na kati yake na dada yake palikuwa na ua wote, kamba ya nguo zangu na kuku wa jirani. Alikunja macho. Kwa umbali ule hata uso wa mtu haupati vizuri. Nikasubiri kuona shangazi anashindwa, na nakiri nilikuwa na hamu ya kuliona hilo.

Akainua mikono.

Aliinua yote miwili juu ya kichwa, akaishusha, akapeleka mmoja pembeni, akaukunja ghafla kifuani. Baba akaondoa mgongo kwenye kiti. Shangazi akarudia, akaongeza kiganja kilichogeuzwa chini, kikitetemeka. Na baba yangu, ambaye nilikuwa namfunga vifungo vya shati, akainua mikono yake mirefu akamjibu. Ilikuwa mikono ya watu wanaosimama kila mmoja kwenye gogo lake, maji yakinguruma katikati, na lazima mmoja amwambie mwenzake kamba imekatika, mtego umejaa, shuka, rudi, mbenga huyo, yule samaki mwenye meno. Shangazi hakuwahi kupanda magogoni, kwa kuwa ni mwanamke, lakini utoto wake wote alisimama ukingoni akisoma mikono ile ili ajue moto wa samaki auwashe mkubwa au mdogo.

Waliongea asubuhi nzima. Nilishona mlangoni, cherehani katikati, nikijifanya siangalii. Sikuelewa hata mkono mmoja. Mara shangazi alionyesha mto, mara mvua, mara alijipima tumbo na baba akatingisha mabega kwa kicheko kisicho na sauti. Kila alipotaka kukohoa aligeuka upande wa ukuta, akamaliza, akarudi. Hakuwahi kukisogeza kile kinu. Nilitafuta sababu ya kumfukuza, sikuipata, na hilo liliniudhi kuliko matusi yake yote.

Mwishoni alininyooshea mimi kidole, bila kunitazama. Kisha akakunja ngumi, akaipiga kifuani, akaizungusha kama anayekoroga kitu kilichooza. Baba alinitazama, akamtazama yeye. Akajibu taratibu, kiganja wazi juu ya kifua chake, kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka. Shangazi akasimama, akakung'uta kitenge, akakirudisha kinu changu kilipokuwa, akaondoka bila kuniaga. Samaki aliwaacha ukutani.

Nilizunguka hadi dirishani, nikashusha barakoa.

“Papa, tantine alisema nini juu yangu?”

“Alisema uko na roho mubaya.”

“Na weye ulimujibu nini?”

Baba akaweka tena kiganja juu ya kifua, akaniacha nikione kinapanda, nikione kinashuka.

“Nilimuambia: ni kweli. Lakini angalia, nahema.”